Wimbo penye kaburi tupu: Kanisa la Uganda, Februari 1977

Jumapili ya tarehe 20 Februari 1977, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, maelfu ya waumini walitoka ibadani wakalizunguka kaburi lililokwisha kuchimbwa lakini halina maiti. Mwenye kaburi, Askofu Mkuu Janani Luwum, alikuwa ameuawa Jumatano. Serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku ibada ya mazishi, ikaupeleka mwili kaskazini, kijijini kwao Mucwini katika wilaya ya Kitgum, ukafukiwe huko mbali na macho ya watu. Namirembe likabaki shimo, kando ya kaburi la Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Erica Sabiti, askofu mkuu mstaafu na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti kile, akasimama pale akarudia maneno ambayo malaika aliwaambia wanawake waliokwenda kaburini alfajiri: "Hayupo hapa, kwani amefufuka." Umati ukaanza kuimba. Waliimba wimbo ulioimbwa na mashahidi vijana wa Buganda walipochomwa moto mwaka 1885, wakaimba na Tukutendereza, kiitikio cha watu wa Uamsho, na haukuwa wimbo wa kunong'ona.

Kisa hiki kinahubiriwa sana, hasa misibani, na karibu kila mara kinakatwa hadi kinabaki sentensi moja: Mkristo wa kweli halii, anaimba. Huko ni kukiharibu. Watu wale walilia, tena sana, na siku chache kabla ya kuimba maaskofu wao walikuwa wameandika barua kali kwa Rais. Furaha iliyoonekana pale kaburini ilikuwa na historia yake na gharama yake, na kuna mahali ilipotea kabisa kabla ya kurudi. Tukiyaruka hayo, tunabaki na muujiza wa kushangilia tu, na mtu aliyefiwa jana hana la kufanya nao.

Nchi ilivyokuwa

Amin alichukua madaraka tarehe 25 Januari 1971, na Wakristo wengi walishangilia, hasa Buganda ambako Rais Milton Obote, aliyepinduliwa na Amin, alikuwa ameuvunja ufalme wa Kabaka. Shangwe haikudumu. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa kwa makumi ya maelfu. Septemba mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa Mahakama Kuu mchana kweupe, hakuonekana tena. Baada ya hapo kupotea kwa mtu kukawa jambo la kila siku. Sisi Watanzania tunamkumbuka Amin kwa Kagera, nduli aliyekuja mwaka 1978 akapigwa na kuondolewa Aprili 1979. Waganda walikaa naye miaka minane ndani ya nyumba.

Janani Luwum hakuingia katika miaka hiyo kama shujaa. Alikuwa Mwacholi, mwalimu wa shule, aliyeokoka tarehe 6 Januari 1948 katika moto wa Uamsho wa Afrika Mashariki, mwendo wa toba na ungamo la hadharani ndani ya makanisa. Akawa kasisi, kisha askofu wa kaskazini mwaka 1969, kisha mwaka 1974 askofu mkuu wa jimbo lililojumuisha Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Alikwenda Ikulu mara nyingi kuwaombea watu waliokamatwa, alihudhuria hafla za serikali, na wapo waliomnung'unikia kwamba amekaa karibu mno na dikteta. Yeye alisema dhamiri yake ni safi: hajaegemea upande wa serikali, na kila apatapo nafasi humweleza Rais yale ambayo kanisa haliyakubali. Mtu anaweza kubishana na njia hiyo. Ila ndiyo njia iliyomfikisha Februari 1977 akiwa anajulikana kwa Amin uso kwa uso, hivyo hakuna aliyeweza kusema alinyamaza kwa kutojua.

Uwanja wa Kabale

Ili kuielewa Namirembe inabidi kurudi nyuma miaka minne, hadi Kabale, mji wa vilima na baridi kusini magharibi, jirani na mpaka wa Rwanda. Festo Kivengere alikuwa amewekwa wakfu kuwa askofu wa Kigezi Desemba 1972, hata kiti hakijapata joto. Kivengere naye alikuwa mtoto wa Uamsho. Yeye na mkewe Mera walikuwa wamefanya kazi Dodoma kwa miaka mingi kama walimu, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba mwaka 1960 alimtafsiria Billy Graham kwenye mikutano ya Moshi.

Mwezi Februari 1973 Amin aliamuru watu walioshtakiwa kushirikiana na waasi wapigwe risasi hadharani, kila mmoja katika eneo la kwao, ili wengine waone. Kabale ilipangiwa watu watatu. Siku ilikuwa Jumamosi, tarehe 10. Wananchi waliamriwa kufika uwanjani, wakafika kama 3,000, kimya. Lori likaleta wafungwa, pingu mikononi na minyororo miguuni. Kikosi cha kupiga risasi kilikuwa tayari kimejipanga.

Kivengere alikuwa ameomba ruhusa ya kusema nao kabla ya kufa, akapewa, akaenda katikati ya uwanja na wachungaji wenzake wawili. Alieleza baadaye kwamba alitembea huku hajui atasema nini. Utamwambia nini mtu aliyebakiwa na dakika chache, ambaye pengine moyo wake unachemka kwa hasira? Waliwafikia kwa nyuma. Wale watatu walipogeuka, nyuso zao ziling'aa. Kabla askofu hajafungua kinywa, mmoja akamshukuru kwa kuja, akasema alitaka kumwambia kwamba siku aliyokamatwa, akiwa mahabusu, alimwomba Yesu aingie moyoni mwake, naye akaingia na kumsamehe. Akaomba mkewe na watoto wake waambiwe kwamba anakwenda kuwa na Yesu, na kwamba nao wampokee. Wa pili na wa tatu wakasema mambo ya namna hiyohiyo, wakiinua mikono yenye pingu.

Kivengere aliona hawa hawahitaji mahubiri. Akawageukia askari, akawatafsiria kwa lugha waliyoielewa yale ambayo wafungwa wamesema. Wale askari walishikwa na butwaa hata wakasahau kuwavika vitambaa vya kufunika nyuso. Watatu wakasimama karibu karibu, wakautazama umati, wakapunga mikono ile yenye pingu. Umati ukawapungia. Kisha risasi.

Mtu anaweza kuuliza: je, si askofu anayepamba habari? Swali ni halali, maana tunategemea sana simulizi lake. Ila tukio lenyewe halikufanyika chumbani, lilifanyika mbele ya maelfu walioletwa kwa nguvu na serikali ili waogope, na alilieleza wakati wengi wa walioliona wakiwa hai. Mimi kinachonivuta ni hilo suala la vitambaa. Mtu anayetunga ushuhuda wa kuvutia hutunga maneno matamu kinywani mwa anayekufa. Hatungi askari aliyesahau utaratibu wa kazi yake.

Jumapili iliyofuata Kivengere alihubiri kijijini kwa mmoja wa wale watatu. Watu walikuwa wamekufa ganzi kwa huzuni. Alipowaeleza maneno ya mwisho ya ndugu yao, mkutano ukaanza kuimba. Tazama mpangilio: huzuni kwanza, kisha ukweli kuhusu jinsi alivyokufa, kisha wimbo. Hakuna aliyewaambia waache kulia. Walipewa habari, na habari ndiyo iliyowaimbisha.

Wimbo ulitoka wapi

Tukutendereza ni kiitikio cha Kiganda kinachomsifu Yesu Mwana-Kondoo ambaye damu yake imetakasa. Kila aliyekaa na watu wa Uamsho anakijua, awe Bukoba, Dodoma, Kisumu au Gahini, na wengi wetu tunakiimba kwa Kiganda hata kama Kiganda chenyewe hatukijui. Watu hudhani ni wimbo wa shangwe ya jumla. Katika ushirika, yaani mkutano wa kila wiki wa watu wa Uamsho, una kazi maalum. Mtu anasimama, anaungama waziwazi: nilimdanganya mwajiri, nimemnunia mke wangu siku tatu, nina chuki na ndugu fulani aliyekaa pale. Akimaliza, waliopo wanasimama wanamwimbia Tukutendereza, wengine wanakwenda kumkumbatia. Maana yake: umesema ukweli, damu imetosha, karibu nyumbani.

Uamsho ulianza Rwanda na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1930, Gahini na Kampala zikiwa vituo vyake, ukafika Kenya na Tanganyika kabla ya muongo ule kwisha. Ulikuwa mwendo wa kuchosha, tuseme kweli. Watu wake walikuwa wanakerwa na uvuguvugu wa kanisa, na kanisa lilikuwa linakerwa nao. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kuacha ibada zao za alfajiri na kuhubiri kwao. Wengi waliona kwa waliookoka majivuno tu, na mara nyingine walikuwa wameona sawa.

Ila kwa miaka arobaini mwendo huo uliwazoeza watu kitu kimoja: kwamba furaha huja upande wa pili wa ukweli uliosemwa, haiji kwa kuufunika. Mtu aliyefanya hivyo kila wiki juu ya uongo mdogo na chuki ndogo za nyumbani, siku anaposimama penye kaburi la askofu wake aliyepigwa risasi, mwili wake unajua njia. Hatafuti hisia mpya. Anafanya lile alilolifanya Alhamisi iliyopita kwenye ushirika, ila safari hii mbele ya dola.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi ya siku hizi kuhusu furaha. Tunaambiwa tuidai, tuitamke, tuikiri asubuhi. Wale hawakuidai. Ilikuwa zao la mazoea ambayo kwa sehemu kubwa hayafurahishi hata kidogo: kutubu hadharani, kurudisha ulichoiba, kukaa na ndugu anayekujua ulivyo. Asiyekuwa na watu wa namna hiyo, msiba ukimkuta ni vigumu aipate furaha kwa kuambiwa tu, na asihukumiwe kwa hilo.

Bunduki tumboni

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 5 Februari 1977, saa saba na nusu, askari walifika nyumbani kwa askofu mkuu pale Namirembe. Walikuwa wamemleta mtu anayefahamika, amefungwa, ili sauti yake imfanye mwenye nyumba afungue mlango. Luwum akafungua. Wakamsokomeza bunduki tumboni wakidai awaonyeshe silaha. Aliwajibu kwamba nyumba ile ni ya kumwombea Rais na vikosi vyake na kuhubiri Injili, silaha hazikai humo. Wakapekua kila mahali, hawakupata kitu.

Maaskofu wakakutana, wakaandika. Barua yao kwa Rais ilisema bunduki iliyosokomezwa tumboni mwa askofu mkuu, na iliyotumika kupekua nyumba za askofu wa Bukedi, ni bunduki iliyoelekezwa kwa kila Mkristo katika kanisa. Katika barua hiyohiyo walilalamikia mauaji na watu kupotezwa. Kumwandikia Idi Amin sentensi ile na kutia saini chini yake kulihitaji mtu ambaye tayari ameshamaliza hesabu na kifo.

Hii ndiyo sehemu inayodondoka kila mara kisa kinaposimuliwa, nami nadhani ndiyo uti wa mgongo wake. Furaha ya watu hawa haikuwa dawa ya usingizi. Ingekuwa hivyo, Amin angeipenda, angewalipia na vipaza sauti. Mtawala hana shida na waumini wanaoimba na kuvumilia. Shida yake ni waumini wanaoimba na bado wanataja mambo kwa majina. Paulo naye, aliyewaandikia Wafilipi kutoka kifungoni "Furahini katika Bwana sikuzote," ndiye aliyekataa kutolewa gerezani kimyakimya kule Filipi. Aliimba usiku wa manane akiwa kwenye mkatale, na kulipokucha akawataka mahakimu waliompiga bila hukumu waje wenyewe kuwatoa. Vyote viwili vimo katika sura moja, Matendo 16.

Jumatano tarehe 16 viongozi wa dini na wa serikali waliitwa Kampala, kwenye kituo cha mikutano karibu na Nile Mansions, hoteli ambayo leo ni Serena. Silaha zilikuwa zimepangwa uwanjani mbele ya askari. Ikasomwa karatasi iliyomhusisha askofu mkuu na njama za Obote, askari wakapaza sauti kwamba wauawe. Baadaye maaskofu wengine waliambiwa waende nyumbani, Luwum akaambiwa Rais anamtaka. Aliwaambia wenzake hana hofu, kwamba anauona mkono wa Bwana katika jambo lile. Kivengere na Askofu Silvanus Wani walimsubiri nje hadi wakafukuzwa.

Asubuhi ya pili redio ilitangaza ajali ya gari. Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, eti walikufa wakijaribu kumnyang'anya dereva usukani. Hakuna aliyeamini, lakini kutoamini si sawa na kuwa na ushahidi. Ushahidi ulitokana na ardhi. Kule Mucwini askari waliofika na jeneza lililofungwa walitaka kuzika haraka waondoke. Februari kaskazini mwa Uganda ni kiangazi, udongo umekauka, jembe linadunda. Jioni ikawakuta shimo halijafika kina, ikabidi jeneza lilale kanisani. Usiku ule watu wa kwao walilifungua, wakaona matundu ya risasi.

Kwa hiyo wale waliosimama Namirembe Jumapili hawakuimba kwa sababu hawakujua kilichotokea, wala kwa sababu waliamua kukitazama kwa upande wa heri. Walikuwa na hakika kwamba kiongozi wao ameuawa na kwamba serikali inadanganya. Waliimba mahali ambapo kukusanyika tu kulikuwa hatari. Kila mmoja alijua kwamba kati ya waimbaji wamo wapelelezi wa State Research Bureau, polisi wa siri wa Amin. Wimbo ulikuwa maombolezo, ungamo la imani na ukaidi kwa wakati mmoja, na sioni faida ya kuvitenganisha.

London, Ijumaa Kuu

Kivengere hakuwapo Namirembe siku hiyo. Alikuwa amerudi Kabale, akaambiwa askari wanamtafuta, na waumini wake wakamsihi aondoke: askofu mmoja aliyekufa anatosha. Yeye na Mera walipelekwa kwa gari hadi barabara ilipoishia, wakapanda milima kwa miguu usiku kucha, asubuhi wakavuka kuingia Rwanda. Walikuwa wamepona.

Na hapo, akiwa salama, furaha ikamtoka. Hili ameliandika mwenyewe bila kujitetea, na ndilo linalonifanya nimwamini katika yale mengine. Miaka yote ya hatari alikuwa na amani. Uhamishoni, akialikwa huku na huko kueleza habari za Uganda, alijikuta anakuwa mgumu ndani. Kila akimtaja Amin kulikuwa na uchungu, na uchungu ule ulikuwa unakula ushuhuda wake. Ijumaa Kuu ya mwaka 1977 alikuwa London, ameketi katika kanisa la All Souls. Yakasomwa maneno ya Yesu msalabani, "Baba, uwasamehe, kwa kuwa hawajui watendalo." Akasikia swali likimjia moyoni: hayo yanamhusu Amin pia au la? Akatubu palepale, kama mtu wa ushirika anavyotubu, akaomba neema ya kumsamehe.

Kwa uchambuzi, hapa pana jambo zito kuliko Kabale na Namirembe. Tunadhani kinachoiua furaha ni hatari. Katika kisa hiki hatari haikuweza kuiua: si uwanjani, si kaburini, si mlimani usiku. Kilichokaribia kuiua ni uchungu uliokuja baada ya hatari kupita, tena uchungu wenye haki kabisa. Nimewahi kuona jambo kama hilo kwa watu waliouguza mgonjwa miezi mingi kwa moyo mweupe, wakaja kuvunjika baada ya arobaini, mambo yalipotulia na hasira kwa daktari, kwa shemeji, kwa Mungu ikapata nafasi ya kukaa. Wachungaji tunaofika na daftari la rambirambi siku ya tatu na kupotea baada ya hapo tunakosa saa yenyewe.

Mwaka huohuo Kivengere alitoa kitabu kidogo chenye jina linalotamka kwamba anampenda Idi Amin. Waganda wengi waliofiwa walikimeza kwa shida, na sioni kosa lao. Kusamehe ni kazi ya aliyekosewa, na hakuna mwenye mamlaka ya kumfanyia mwenzake. Alipoulizwa angefanya nini kama angekaa chumba kimoja na Amin, bunduki ikiwa mkononi mwake yeye Kivengere, alijibu angempa Amin ile bunduki na kumwambia: hii ni silaha yako, silaha yangu ni upendo. Jibu zuri kwa askofu ambaye amepita London. Likiwekwa kinywani mwa mjane wa Kitgum bila kuulizwa, linageuka kofi.

Mahali kisa kinapoishia

Wimbo wa Namirembe haukumwangusha mtu. Baada ya Februari ile Waacholi na Walangi waliendelea kuuawa kwa wingi, jeshini na vijijini. Mary Luwum alikimbilia Kenya na watoto. Amin aliondolewa miaka miwili baadaye kwa mizinga, sehemu kubwa ikiwa ya Tanzania, na Uganda iliyofuata ilikuwa na umwagaji damu wake. Mucwini yenyewe ilivamiwa na waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony, Julai 2002, wakaua watu zaidi ya 50. Anayetafuta humu hakikisho kwamba imani yenye furaha hubadilisha matokeo hatalipata.

Wala kisa hiki si kipimo cha kuwapimia watu. Wale watatu wa Kabale waling'aa nyuso. Wakristo wengine walikufa wakipiga kelele katika vyumba vya mateso vya Nakasero, makao ya wapelelezi wale, na mbingu yao haikupungua kwa hilo. Mwenyewe Bwana alitoka jasho Gethsemane na kulia kwa sauti msalabani, na Waebrania 12 inasema aliustahimili msalaba kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake. Mbele yake, si mkononi.

Leo Luwum ana sanamu mbele ya Westminster Abbey kati ya mashahidi wa karne ya 20, iliyozinduliwa mwaka 1998, na tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Kila mwaka mahujaji hutembea siku kadhaa kwenda Mucwini, na njiani huimba. Kwa mhubiri anayetaka kukitumia kisa hiki kwenye msiba, ombi langu ni dogo. Aanze na barua ya maaskofu na jembe lililodunda Mucwini, afike kaburini baadaye, na mtu yeyote akilia katikati ya mahubiri amwache alie.